Masalia ya Viuatilifu Katika Mboga: Kihisi cha Kiganjani Kinaweza Nini, na Hakiwezi Nini?

Mwananchi anayenunua nyanya, kabichi, hoho au mchicha katika masoko ya kata zetu huchagua kwa jicho na kwa mkono. Hutazama rangi, hubonyeza ngozi, kisha huuliza bei. Liko jambo moja ambalo hawezi kulitambua kwa njia hizo, nalo ni kiasi cha kiuatilifu kilichobaki katika mboga tangu iliponyunyiziwa shambani. Nyanya iliyochumwa siku moja baada ya kunyunyiziwa na nyanya iliyosubiriwa siku zote zilizoandikwa kwenye lebo hufanana kwa sura, na mara nyingi hata kwa harufu na ladha. Mlaji hana budi kumwamini muuzaji, muuzaji humwamini mkulima, na mkulima naye huamini lebo ya dawa aliyouziwa. Katika mnyororo huo wote hakuna mahali ambapo mtu anapima.

Ndiyo maana swali moja hurudi katika mikutano ya vijiji na ya kata: je, hakuna kifaa kidogo, mfano wa kile cha kupimia sukari mwilini, ambacho Afisa Ugani au Afisa Afya angeweza kukitumia pale pale sokoni? Jibu ni kwamba vifaa vya namna hiyo vimekuwa vikifanyiwa utafiti kwa miaka mingi, na baadhi yake vimekaribia kutumika nje ya maabara. Huitwa vihisi vya kielektrokemia, na vile vinavyotarajiwa zaidi hutengenezwa kwa chembe ndogo mno zinazoitwa chembe za nano. Makala haya yanaeleza jinsi vinavyofanya kazi na mipaka yake, ili siku mwananchi atakapoonyeshwa kifaa cha aina hiyo, au atakapoambiwa kuwa mazao yake yamepimwa nacho, ajue maana ya namba anayosomewa.

Masalia ni nini, na hupimwaje leo

Kiuatilifu ni kitu, kwa kawaida kemikali, kinachotumika kuua au kudhibiti visumbufu vya mimea kama vile wadudu, kuvu, magugu na panya. Mara kinaponyunyiziwa, huanza kupungua. Jua hukivunjavunja, mvua hukiosha, na mmea wenyewe hukibadili kidogo kidogo. Kinachobaki siku ya kuvuna ndicho kinachoitwa masalia. Siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo zimewekwa ili kiasi hicho kishuke hadi chini ya kiwango kinachoruhusiwa kabla zao halijafika mezani.

Kwa wakulima wa nyanya sharti hili ni gumu kuliko linavyoonekana. Tangu mwaka 2014, mdudu anayeitwa kantangaze amekuwa akishambulia nyanya nchini mwetu. Kiwavi wake hujificha ndani ya jani na ndani ya tunda, mahali ambapo dawa ya kugusa haimfikii kwa urahisi. Mkulima anayeona shamba linakauka hushawishika kunyunyiza tena na tena, au kuchanganya dawa mbili katika bomba moja. Zaidi ya hayo, nyanya haivunwi kwa siku moja kama mahindi, bali huchumwa kila baada ya siku chache kwa wiki kadhaa. Dawa inayodai kusubiriwa siku 7 au 14 haiingii kati ya mchumo mmoja na mwingine, isipokuwa mkulima akubali kuyaacha matunda yaliyoiva yaoze shambani. Kwa hiyo masalia kuzidi kiwango hakutokani na ukaidi peke yake. Mara nyingi ni tunda la mgongano kati ya kalenda ya dawa na kalenda ya soko.

Viwango vyenyewe ni vidogo mno. Hutajwa kwa miligramu za kiuatilifu katika kila kilo moja ya zao. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, hutumia kiwango cha miligramu 0.01 kwa kilo pale ambapo haukuweka kiwango maalumu kwa kiuatilifu na zao husika. Ili kuona udogo wa kiasi hicho, tuchukue lori lililobeba tani 10 za nyanya. Masalia yote yanayoruhusiwa katika shehena nzima yangekuwa miligramu 100, yaani sehemu ya kumi ya gramu moja. Kutafuta kiasi hicho katika tunda moja ni sawa na kutafuta punje chache za chumvi ndani ya gunia.

Maabara huweza kazi hiyo. Sampuli husagwa, hutikiswa pamoja na kimiminika kinachoivuta kemikali itoke katika zao, husafishwa, kisha hupitishwa katika mtambo wa kromatografia unaozitenganisha kemikali na kuzitambua moja baada ya nyingine kwa uzito wa molekuli zake. Mwaka 2003 wanasayansi walitangaza njia rahisi zaidi ya kuandaa sampuli, ambayo sasa hutumiwa na maabara nyingi duniani. Hata hivyo mtambo ni ghali, huhitaji umeme usioyumba, gesi safi na wataalamu waliofunzwa. Nchini mwetu kazi za udhibiti wa viuatilifu zimekabidhiwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea Na. 4 ya mwaka 2020, yenye makao makuu Ngaramtoni, Arusha. Sampuli inayotoka kata ya mbali husafiri, hupokelewa, hupangiwa zamu na hupimwa. Matokeo yanapofika, mchicha umekwisha kuliwa.

Pengo hilo kati ya mwendo wa maabara na mwendo wa soko ndilo ambalo kihisi cha kiganjani kinakusudiwa kuliziba.

Mfano wa kipima sukari

Njia nyepesi ya kukielewa kihisi cha kielektrokemia ni kuanza na kifaa ambacho familia nyingi zinakifahamu. Mgonjwa wa kisukari hudondosha tone la damu juu ya kijiti chembamba kilichochomekwa katika mashine ndogo. Ndani ya kijiti hicho kuna kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali. Kimeng'enya hicho huibadilisha sukari ya damu, na katika kubadilika huko elektroni huhama na kufika kwenye elektrodi. Kuhama kwa elektroni ndiko mkondo wa umeme. Sukari ikiwa nyingi, mkondo ni mkubwa. Ikiwa kidogo, mkondo ni mdogo. Mashine huupima mkondo na kuugeuza kuwa namba.

Wazo la kuunganisha kimeng'enya na elektrodi lilielezwa mwaka 1962 na Mmarekani Leland Clark pamoja na mwenzake Champ Lyons. Kabla yao, mwaka 1922, Jaroslav Heyrovský wa Prague alikuwa ameonyesha kuwa mtu anaweza kutambua kemikali zilizomo katika kimiminika kwa kubadili volteji na kutazama mkondo unavyopanda, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1959. Msingi wa vihisi hivi, basi, si jambo la jana.

Kihisi cha viuatilifu hufuata msingi huo huo, lakini aina yake iliyochunguzwa zaidi huusoma kwa kinyume. Kundi kubwa la dawa za wadudu linaloitwa oganofosfeti, ambalo ndani yake wamo dimethoeti, profenofosi, malathioni na klopirifosi, pamoja na kundi la kabamati, huwaua wadudu kwa kukizuia kimeng'enya kimoja cha neva kinachoitwa asetilikolinesterasi. Kazi ya kimeng'enya hicho ni kuzima ishara baada ya neva kupeleka ujumbe kwenye msuli. Kikizuiwa, ishara haizimiki; msuli hukakamaa, pumzi hubana, na mdudu hufa. Binadamu naye ana kimeng'enya hicho hicho. Ndiyo sababu mnyunyiziaji asiyejikinga hutokwa na jasho jingi, mate na machozi, hutetemeka, hutapika, mboni za macho husinyaa, na sumu ikizidi hushindwa kupumua.

Watafiti wameigeuza hatari hiyo kuwa kipimo. Hukipaka kimeng'enya hicho juu ya elektrodi, kisha hukilisha kemikali maalumu ambayo kimeng'enya huivunja na kutoa kitu kinachozalisha mkondo. Mkondo wa kwanza hupimwa kabla ya kuweka sampuli. Baadaye maji yaliyotokana na mboga iliyosagwa hudondoshwa juu yake, husubiriwa dakika kadhaa, na mkondo hupimwa tena. Kama mboga haina kiuatilifu cha makundi hayo, kimeng'enya kitaendelea na kazi na mkondo utabaki karibu na ulivyokuwa. Kama kimo, kimeng'enya kitakuwa kimezuiwa na mkondo utashuka. Ukishuka kutoka 100 hadi 60, maana yake sehemu 40 kati ya 100 za nguvu ya kimeng'enya zimezimwa, na kifaa hulinganisha upungufu huo na jedwali lililotayarishwa maabara. Kwa maneno mengine, kihisi huonja sumu kwa niaba ya mlaji.

Kwa nini chembe za nano

Nano ni kipimo cha urefu: nanomita moja ni sehemu moja ya milioni elfu ya mita. Unywele wa binadamu una upana wa nanomita zipatazo 80,000 hadi 100,000. Kitu kinapokatwa hadi kufikia vipimo vya nano, uzito wake haubadiliki, lakini eneo lake la nje hukua kupita kiasi. Tuchukue mchemraba wenye upande wa sentimita 1, ukubwa wa punje ya karanga. Nyuso zake sita kwa pamoja zina sentimita za mraba 6. Ukikatwa kuwa vichemraba vyenye upande wa nanomita 1, nyuso zao zote zikijumlishwa hufikia mita za mraba 6,000, eneo linalokaribia uwanja wa mpira wa miguu.

Kwa kihisi, eneo ndilo mtaji, kwa kuwa kimeng'enya hukaa juu ya uso na elektroni hupokelewa juu ya uso. Elektrodi bapa ya kawaida hupokea ishara hafifu ambayo hupotea katika kelele za umeme. Elektrodi iliyotandazwa chembe za nano za dhahabu, mirija ya nano ya kaboni au grafini hubeba vimeng'enya vingi zaidi na kupokea elektroni kwa wepesi zaidi. Mirija hiyo ilifahamika kwa wengi baada ya Sumio Iijima wa Japani kuieleza mwaka 1991. Grafini, ambayo ni utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja tu, ilitengwa mwaka 2004 katika Chuo Kikuu cha Manchester na Andre Geim na Konstantin Novoselov, waliotunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2010.

Faida ya pili haionekani kwa haraka. Juisi ya mboga si maji matupu. Ina vitamini C, rangi, sukari na asidi nyingi, na baadhi ya vitu hivyo navyo hutoa mkondo elektrodi inapopewa volteji kubwa. Chembe za nano huruhusu kipimo kifanyike kwa volteji ndogo zaidi, na hivyo kupunguza sauti za majirani hao wasiohitajika. Aidha, kwa kuwa kihisi husoma umeme na si rangi, ukijani wa mchicha au wekundu wa nyanya haukizuii kama unavyovizuia vipimo vinavyotegemea jicho kuona rangi ikibadilika.

Faida ya tatu ni gharama. Elektrodi hizi huweza kuchapwa kwa wino wa kaboni na wa fedha juu ya plastiki, kauri au hata karatasi, kwa mbinu isiyotofautiana sana na ile ya kuchapa maandishi kwenye fulana. Chembe za nano zinazohitajika kwa kijiti kimoja ni kidogo sana, hata zikiwa za dhahabu. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walichapa elektrodi kwenye vidole vya glavu ya mpira: kidole gumba hupapasa tunda, kidole kingine hubeba kipimo, na matokeo hupelekwa kwenye simu bila waya. Huko Italia, watafiti wa Chuo Kikuu cha Rome Tor Vergata wametengeneza vihisi vya karatasi vilivyotiwa chembe za nano kwa ajili ya dawa za kundi la oganofosfeti.

Kihisi kisichokiona

Hadi hapo kifaa hiki kinavutia. Mwananchi hana budi, hata hivyo, kuyajua mambo manne ambayo maneno ya wauzaji huenda yasiyataje.

La kwanza, kihisi cha kimeng'enya hakitaji jina la kiuatilifu. Husema kuwa kuna kitu kilichokizuia kimeng'enya, basi. Huenda ni dawa moja kali kwa kiasi kidogo, au dawa tatu hafifu kwa pamoja. Viwango vya kisheria navyo hutofautiana kutoka dawa hadi dawa na kutoka zao hadi zao. Bila kujua jina, huwezi kusema kwa uhakika kuwa kiwango kimezidi.

La pili, dawa nyingi hazimo kabisa katika macho yake. Dawa za kundi la piretroidi huwaua wadudu kwa njia nyingine ya neva. Dawa za magugu na nyingi za kuvu nazo hazikigusi kimeng'enya hiki kwa namna ya kutegemewa. Mkulima aliyenyunyiza dawa ya ukungu asubuhi na kuvuna jioni anaweza kupata jibu safi. Jibu safi, kwa hiyo, halimaanishi mboga isiyo na kiuatilifu. Humaanisha kuwa vile ambavyo kifaa kiliundwa kuviona havikuonekana.

La tatu linahusu dawa zile zile ambazo kifaa kimekusudiwa kuzitambua. Baadhi ya oganofosfeti, zikiwamo klopirifosi na malathioni, hazikizuii kimeng'enya kwa nguvu zikiwa katika umbo lake la asili. Ndani ya mwili wa mdudu au wa mtu, ini na viungo vingine huzigeuza kuwa umbo kali zaidi. Juu ya kijiti hakuna ini. Kifaa kisichokuwa na hatua ya kuzigeuza kabla ya kupima kinaweza kuzipita bila kuzitambua. Jambo hili si dogo, kwa kuwa klopirifosi ni miongoni mwa viuatilifu vinavyojadiliwa zaidi duniani: Umoja wa Ulaya ulikataa kuendeleza idhini yake mwanzoni mwa mwaka 2020, na mwaka 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm zilikubaliana kukiingiza katika orodha ya kemikali zinazopaswa kuondolewa, pamoja na misamaha maalumu.

La nne ni hali ya hewa na utunzaji. Kimeng'enya ni protini, na protini huharibika kwa joto. Vijiti vilivyokaa kutwa nzima ndani ya buti la gari juani huweza kutoa mkondo mdogo hata kabla ya sampuli kuwekwa, na mpimaji asiye makini akaudhani upungufu huo kuwa ni sumu. Metali nzito, kama zebaki na shaba, nazo huweza kukizuia kimeng'enya. Vihisi vingi vinavyosifiwa katika machapisho ya kisayansi vilijaribiwa katika maji safi ya maabara. Katika juisi ya kabichi halisi ishara huwa hafifu na yenye kuyumba zaidi.

Watafiti wanazitafutia dawa kasoro hizo. Wapo wanaokiacha kimeng'enya kabisa na kuzipima kemikali zinazoweza kutoa mkondo zenyewe, kwa mfano kabendazimu, dawa ya kuvu inayoweza kusomwa moja kwa moja juu ya elektrodi ya kaboni iliyoboreshwa kwa grafini. Wengine hutengeneza plastiki yenye vishimo vya umbo la molekuli moja tu, mithili ya kufuli linalopokea ufunguo wake peke yake. Wengine hutumia vipande vya DNA vilivyochaguliwa kwa kuwa hushikamana na kemikali moja. Njia hizi hustahimili joto zaidi na huweza kutaja jina, lakini kila kijiti huona kemikali moja au chache, ilhali shamba moja huweza kunyunyiziwa aina nyingi katika msimu mmoja.

Kipimo cha awali si hukumu

Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kuwa soko moja linapokea matenga 200 ya nyanya, na kwamba 10 kati yake kweli yamezidi kiwango. Tuseme pia kuwa kifaa ni kizuri: katika kila matenga 10 mabaya hukamata 9, na katika kila matenga 10 mazuri hukosea 1 tu na kuliita baya. Kifaa kitakamata matenga mabaya 9. Lakini katika yale mazuri 190, kitayatia doa 19. Jumla ya matenga yatakayotengwa ni 28, na 19 kati yake hayana kosa lolote. Kama kanuni ya soko ingekuwa kumwaga kila tenga lililotiwa doa, wakulima wasio na hatia waliopoteza mazao yao wangekuwa wengi mara mbili ya waliostahili. Na bado tenga moja baya lingepita.

Hesabu hiyo haisemi kuwa kifaa hakifai. Inasema kitumike wapi. Bila kifaa, maabara ingepaswa kupima matenga yote 200, kazi ambayo haiwezekani. Kwa kifaa, ingepima 28 tu, na ingekamata 9 kati ya 10. Kazi ya kihisi ni kuchuja, na kazi ya maabara iliyoidhinishwa ni kuthibitisha. Mazao yaliyotiwa doa na kihisi yazuiliwe kwa muda na yapelekewe uthibitisho. Yasimwagwe, wala jina la mkulima lisitangazwe, kwa namba ya kijiti peke yake. Na tenga lililopita lisibandikwe maneno ya kuwahakikishia walaji kuwa halina sumu.

Jambo hili lina uzito wa kiuchumi pia. Kuanzia Januari 2013 Umoja wa Ulaya uliongeza ukaguzi wa maharage machanga na njegere kutoka Kenya kwa sababu ya masalia, yakiwamo ya dimethoeti, na shehena moja kati ya kila kumi ikawa inachukuliwa sampuli kwenye vituo vya kuingilia. Uzembe wa wachache uligeuka kuwa mzigo wa wakulima wote wa mazao hayo. Kifaa cha kuchuja kinachotumika shambani, kabla zao halijapakiwa, kingewasaidia wakulima kujirekebisha wenyewe mapema: mwenye doa angesubiri siku mbili tatu na kupima tena, badala ya kukutana na jibu bandarini. Huenda hapo ndipo faida kubwa ya vihisi hivi ilipo, mkononi mwa chama cha ushirika au kikundi cha wakulima, zaidi ya mkononi mwa mkaguzi.

Kwa sasa Halmashauri haitoi huduma ya kupima masalia kwa vihisi hivi. Mtu yeyote akija kijijini na kifaa cha aina hiyo, akadai malipo au akadai kutoa cheti cha usalama wa mazao, wananchi wamuulize maswali matano. Kifaa kinaona makundi gani ya dawa, na hakioni yapi? Kimejaribiwa kwa mboga halisi za aina gani, na nani amethibitisha? Vijiti vimehifadhiwa kwenye joto gani, na vinakwisha muda lini? Kabla ya sampuli, je, amepima mboga inayojulikana kuwa safi ili kuhakikisha kijiti kizima? Na jibu likiwa baya, sampuli itathibitishwa na maabara ipi? Asiye na majibu asipewe fedha, na taarifa zake zifikishwe kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata.

Tunachoweza kufanya sasa

Kihisi bora kuliko vyote huona masalia yaliyokwisha kuwapo. Kuyazuia yasiwepo ni kazi ya shambani, na haihitaji chembe ya nano.

Wakulima wanashauriwa kununua viuatilifu vilivyosajiliwa, katika duka lenye kibali, vikiwa katika chupa yenye lebo kamili. Dawa iliyopimwa na kumiminwa kwenye chupa ya soda haina siku za kusubiri zinazojulikana. Mkanda wa rangi chini ya lebo uheshimiwe: nyekundu ni sumu kali zaidi, ikifuatiwa na njano, kisha buluu, na kijani ni hafifu kuliko zote, ingawa nayo bado ni sumu. Siku ya kunyunyiza, jina la dawa na siku ya kwanza kuruhusiwa kuchuma viandikwe kwenye daftari la shamba. Kwa nyanya zilizoanza kuchumwa, mkulima azungumze na Afisa Ugani kabla ya kunyunyiza, ili achaguliwe dawa yenye siku chache za kusubiri na aelekezwe njia nyingine za kumdhibiti kantangaze, kama mitego ya kunasa madume, kufukia matunda yaliyoshambuliwa na kubadilisha mazao. Chupa tupu zisuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yarudishwe ndani ya bomba, kisha zitobolewe. Zisitumike kamwe kuwekea maji, maziwa au mafuta ya taa.

Walaji waoshe mboga kwa maji mengi yanayotiririka na kuondoa majani ya nje ya kabichi. Kufanya hivyo hupunguza dawa iliyo juu ya ngozi. Hakuondoi dawa zinazonyonywa na kusafiri ndani ya mmea, kama vile dimethoeti, na ndiyo sababu uoshaji wa jikoni hauwezi kufidia siku za kusubiri zilizorukwa shambani.

Mtu akionyesha dalili za kudhurika baada ya kunyunyiza au baada ya kula, aondolewe penye dawa, avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe ngozi kwa sabuni na maji, na awahishwe kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu pamoja na chupa au lebo ya dawa iliyotumika. Asilazimishwe kutapika. Lebo humwambia mganga ni kundi lipi la sumu, jambo ambalo, kama tulivyoona, hata kihisi chenye chembe za dhahabu hakiwezi kumwambia.

Mkulima au mlaji mwenye shaka kuhusu dawa iliyotumika, siku za kusubiri au utaratibu wa kupeleka sampuli maabara amwone Afisa Ugani wa kata yake, au afike Divisheni ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi katika ofisi za Halmashauri saa za kazi.